Mlango wa Uchochoroni

Piga hodi kwenye nguzo ya kwanza
kwa kifundo cha kidole: ko, ko.
Haitajibu kama jiwe.
Itavuma kama debe, maana ndani ni mbao za msonobari
na hewa ya mwaka elfu moja mia nane themanini na tatu,
iliyofungiwa humo siku Fulgencio Arriaga
alipopiga lipu ya mwisho, akashuka ngazi, akadai ujira wake.

Fedha ya mgodi ilitosha kuiota Ugiriki,
haikutosha kuisafirisha hadi Santa Brígida,
mji uliogoma juu ya milima ya Meksiko
kama nyumbu asiyetaka kushuka.
Basi Fulgencio akayaunda marumaru kwa mkono:
unyoya wa jogoo, masizi, maziwa ya mbuzi.
Hakuwahi kuyaona marumaru maishani mwake.
Mishipa ile ya kijivu inayopanda nguzo
aliinakili miguuni mwa mamake,
muuza maharage, aliyesimama sokoni miaka arobaini.
Wageni wa mji mkuu walivua kofia.
"Marumaru ya Italia," walisema.
Mama akapita na kapu lake, asitie neno.

Juu ya paa vipo vikao tisa
vya miungu wa kike wa sanaa.
Waliofika ni saba.
Wawili, watu husema, walishuka kununua chumvi
na hawajarudi.
Daftari la hazina lina maneno mengine: bei ilianguka.

Ndani, kila kitu kilikijua cheo chake.
Mahameli nyekundu kwa wenye mgodi,
viti vya mbao kwa makarani,
na juu kabisa, kwenye joto la taa za gesi,
mabenchi waliyoyaita banda la kuku.
Kuku hawakuingilia barazani.
Walikuwa na mlango wao, uchochoroni, upana wa mtu na nusu,
na ngazi sabini na moja za kuzunguka
ili vumbi la fedha lisikutane na fedha yenyewe.

Nimezihesabu. Ndiyo kazi yangu: napima nyufa,
nazipa namba. Ufa wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu.
Ufa wa arobaini unaanzia jukwaani.
Huo una tarehe.

Alfajiri ile ya Februari, shimo la San Telmo lilipoporomoka,
mji haukuwa na sakafu nyingine pana kiasi hicho.
Wakalazwa jukwaani, hamsini na wanane,
mbele ya pazia lililochorwa bahari
ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.
Na wajane, Eduviges, Petronila, Casilda mwenye mimba,
hawakuzunguka uchochoroni.
Walipita kati ya nguzo,
na matope miguuni, wakakanyaga zulia.
Bawabu akaufungua mlango wote, mbao zote mbili,
kisha akavua glavu zake, asijue pa kuziweka.

Baadaye likawa ghala la mahindi,
kisha ulingo wa ndondi, kisha sinema
hadi mashine ya picha ilipoungua.
Popo walihamia roshani ya gavana. Hawakulipa.

Sasa serikali imeleta pesa, na mhandisi mwenye kompyuta.
Anauliza: hao wawili wanaokosekana, tuwachonge vipi?
Baraza likakaa kimya. Hermelinda, anayewapikia mafundi,
akasema huku anasugua sufuria:
"Wale wamekwenda kununua chumvi.
Wakirudi wakute watu wamekalia mahali pao?"
Vikao viwili tumeviacha wazi.

Usiku wa kufungua, zulia jipya, taa,
nguzo sita ziking'aa kwa mishipa ya muuza maharage,
niliyoirudishia kwa unyoya, ufa kwa ufa.
Nikasimama barazani na kitita cha tiketi.
Hakuja mtu.
Nikadhani mji umetususia, hadi niliposikia
ukuta ukitetemeka kwa ndani:
walikuwa wanapanda kwa uchochoroni,
na nguo zao nzuri, watoto mabegani,
wakihesabu kwa sauti,
sitini na tisa, sabini,